Maharagwe Yaliyowashinda Fukusi

Mwaka ule petroli ilipoadimika Bujumbura, wenye magari walijifunza kutembea kwa miguu, na sisi tuliozoea kutembea tukapata raha ya kuwatazama. Mmoja wa waliotazamwa sana alikuwa Valéry. Mwembamba, mtanashati, mdomo mtamu, viatu vinang'aa hata siku ya tope. Kazi yake? Ukimuuliza angekwambia yuko kwenye biashara. Biashara gani, hapo ndipo angetazama saa na kukumbuka ana miadi.

Valéry alikuwa na kitu kimoja tu cha halali duniani: gari. Corolla nyeupe ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye enzi zake aliikodisha kwa harusi, ndiyo maana mtaa mzima uliiita Bibi Arusi. Tangu petroli ipotee, Bibi Arusi alikuwa amelala Buyenzi katika karakana ya fundi Moubarak, amefunikwa turubai, na kila asubuhi Valéry alikwenda kumpangusa vumbi na kumpa habari za mjini.

"Uza hii kitu," Moubarak alimwambia kila siku. "Inanijazia nafasi bure."

"Moubarak, mi nitauza yote. Nitauza mpaka jina langu. Lakini gari ya mzee wangu, apana!"

Jina lake, kwa taarifa yenu, alikuwa ameshaliuza mara mbili. Lakini kuhusu gari alisema kweli, na yafaa mlishike hilo, maana ndilo jambo pekee alilosema kweli katika habari hii yote, ukiacha lile la mwisho ambalo halikumsaidia kitu.

Basi siku moja Valéry alikuwa amekaa sokoni Jabe juu ya gunia la mtu, akipumzisha viatu. Mbele yake Mama Adélaïde alikuwa anauza mahindi na maharagwe, beseni kwa beseni. Mahindi yalikuwa yametobolewa na fukusi mpaka huruma. Wadudu wenyewe, weusi, wadogo, wenye mdomo mrefu mbele, walikuwa wanamwagika ukingoni mwa beseni, wanaingia kwenye maharagwe, wanazunguka weee, kisha wanatoka. Maharagwe hayakuwa na hata alama ya jino.

"Mama," Valéry akauliza, "hawa wadudu wako mbona wanatembea tu juu ya maharagi? Hawali?"

"Achana nao. Hao ni wa mahindi. Maharagi hawaiwezi."

"Hata njaa ikiwauma?"

"Watakufa. We unataka kununua ao unataka kusoma?"

Valéry akasimama. Ndani ya kichwa chake kuna kitu kilikuwa kimewaka. Mama Adélaïde, ambaye alipenda kuulizwa maswali kuliko alivyokubali, aliendelea kueleza: kwamba maharagwe nayo yana fukusi wake, wa mviringo, anayeruka, kwamba huyo ndiye shetani hasa, kwa sababu hutaga mayai, na kitoto chake hupenya ndani ya punje na kuila taratibu, nje usione kitu, punje inang'aa kama imepakwa mafuta, mpaka siku anapotoboa na kutoka. Somo zuri sana. Lakini mwanafunzi alikuwa ameshafika kona ya barabara, anakimbia, na viatu vile.

Wiki ile ile akazaliwa Ingénieur Valéry, mtaalamu wa mbegu. Alizaliwa na koti jeupe la daktari lililonunuliwa kwenye mitumba, miwani isiyo na nguvu yoyote, kalamu nne mfukoni, na chupa mbili pana za mayonezi zilizooshwa vizuri na kufunikwa kitambaa chepesi. Chupa ya kwanza aliitia maharagwe ya kawaida pamoja na fukusi wa maharagwe, aliookota kwenye takataka za soko. Chupa ya pili aliitia maharagwe yale yale, kutoka gunia lile lile, ila wadudu akawachukua kwenye mahindi ya Mama Adélaïde. Haya ya pili akayabatiza jina: Vunja-Jino.

Sijui kama mmeelewa ubaya wa jambo hili. Mtu anakuonyesha simba haoni hamu ya majani, halafu anakuuzia majani kama dawa ya simba.

Alisimama Jabe mahali penye watu wengi, akainua chupa juu.

"Mesdames et messieurs! Wamama, wababa! Nani hapa hajalizwa na fukusi?"

"Mi nimelizwa!" mmoja akaitika.

"Unaweka maharagi stoo, unasema nitauza bei ikipanda. Bei inapanda, unafungua gunia, unakuta nini?"

"Unga!" soko likajibu kwa uchungu wa kweli.

"Unga! Sasa angalieni. Kila aina ya maharagi ina tabia yake, kama watu. Kuna aina fukusi anakula haraka. Kuna aina anakula polepole. Na kuna moja," akashusha sauti, "moja tu, ambayo akiigusa anavunjika jino. Hii siyo maneno. Hii ni démonstration. Chupa zitafungwa hapa mbele yenu, zitakaa kwa mutu munayemwamini, na mimi sitazigusa. Kisha tutafungua."

Watu wakanong'onezana. Kilichowatekenya kilikuwa lile neno la kila aina na tabia yake, kwa sababu ni kweli, kila mwanamke aliyewahi kulima Burundi analijua. Ndiyo maana huku hatupandi aina moja ya maharagwe. Tunachanganya mekundu, ya njano, ya madoa, meupe, makubwa kwa madogo, yote shamba moja, yote gunia moja, tunaita mélange, ili mvua au mdudu akija na hasira zake asimalize yote kwa mpigo. Tapeli mzuri huchukua kweli kiasi kile cha chumvi kwenye mboga, na Valéry alijua kupika.

"Mutu munayemwamini ni nani?" akauliza.

"Hadja!" wakajibu. "Hadja Mwanamwema!"

Hadja Mwanamwema alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa nafaka, mzaliwa wa Buyenzi, mama mpana mwenye sauti ya upole. Duka lake lilikuwa ukingoni mwa soko na stoo zake zilitawanyika mjini, ngapi, hakuna aliyejua. Alipenda faida, na hakulificha hilo, wala hakuona sababu ya kulificha. Alikuwa amekaa mlangoni na tasbihi mkononi. Alipoletewa chupa akazipokea, akazitazama moja baada ya nyingine, na kwenye ile ya pili akakaa muda mrefu kidogo. Wale wadudu wenye mdomo mrefu walikuwa wanapanda ukuta wa kioo wakitafuta mahindi.

"Subhanallah," akasema. "Hii elimu umesomea wapi, mwanangu?"

"Ubelgiji, Mama Hadja."

"Mashallah. Ubelgiji wana maharagi?"

"Wana maabara."

"Aa, maabara." Akaziweka chupa juu ya kabati, mbele ya macho ya kila mteja, na tangu siku hiyo Jabe ikawa na sinema ya bure. Watu walikuja kununua chumvi wakabaki kutazama fukusi. Mwezi ukapita hivi. Chupa ya kwanza ikageuka matundu na unga, ndani wadudu wanaruka ruka. Chupa ya pili maharagwe yalikuwa mazima kabisa, na chini walilala fukusi wamekufa, miguu juu.

"Yampaye inka!" mzee mmoja akaapa kwa Kirundi. "Wamevunjika meno kweli!"

Siku ile ya kufungua, Valéry alitaka kuuza kidogo kidogo, kopo moja moja, achukue chake na kupotea. Ndivyo alivyopanga, na laiti angefuata mpango wake tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini Hadja alimwita ndani, akamkaribisha chai ya tangawizi.

"Mwanangu, kuuza kwa kopo ni kazi ya watu wadogo," akasema kwa ule upole. "Mi ninataka yote."

"Yote?"

"Stoo nzima, mpaka juu. Nitauzia watu wa Ngozi, Kirundo, Gitega, mpaka Uvira. Ukileta nusu, sichukui. Ukileta yote, utataja bei we mwenyewe na mi sitapunguza."

Valéry alikunywa chai ikamuunguza ulimi, wala hakusikia. Utataja bei we mwenyewe! Hiyo ni sentensi ambayo tapeli anaisubiri maisha yake yote kama wengine wanavyosubiri pepo. Akajiona tayari: Bibi Arusi amepakwa rangi mpya, tairi mpya, tangi limejaa, yeye anapita mjini kioo kimeshushwa na mkono nje.

"Mama Hadja, stoo nzima ni kitu kidogo," akasema. "Nipe siku chache."

Kitu kidogo! Alikuwa na gunia moja, tena nusu yake ameshakula.

Sasa tazameni bahati ilivyo na adabu. Jioni ile ile, Valéry akiwa kwa Moubarak anampa Bibi Arusi habari njema, akaingia mtu mmoja mnene, mpole, kofia mkononi, anaitwa Gaspard. Alijitambulisha kuwa ni mtu wa Kirundo. Baba yake amefariki, amemwachia maharagwe chumba kizima hapa mjini, na yeye hataki maharagwe, anataka kurudi kwao na kitu cha kutembelea.

"Pesa sitaki, patron," Gaspard akasema. "Pesa leo unaiweka mfukoni, kesho imeshapungua nguvu. Nimeambiwa hapa kuna gari."

Moubarak akainua kichwa kutoka chini ya boneti. "Kuna gari," akasema haraka. "Iko hapo. Mi mwenyewe nitasaidia kusukuma."

"Haiuzwi!" Valéry akapiga kelele.

Lakini akaenda kuyaona maharagwe. Kuona si dhambi. Yalikuwa kwenye stoo moja nyuma ya Jabe, magunia mpaka darini, na Gaspard akafungua moja, akachota kiganja. Mélange safi kabisa: mekundu, ya njano, ya madoa, na hapa na pale tupunje tudogo twa kijivu, tusio na sura. Yote yanang'aa, hakuna tundu hata moja. Mtu mwenye kuyajua angegeuza punje kwenye mwanga, angeona chini ya ganda duara dogo hafifu, kama dirisha ambalo halijafunguliwa. Mtu mwenye kuyajua angetega sikio kwenye gunia. Valéry alivua miwani yake ya uongo ili aone vizuri, akasema, "Première qualité, namba moja."

Usiku ule hakulala. Asubuhi alikwenda karakana, akavua turubai, akakaa nyuma ya usukani akaushika kwa mikono miwili. Akaongea na gari, na Moubarak anaapa alimsikia: "Ni wiki mbili tu. Hadja akinilipa nakurudia, na huyo mushamba wa Kirundo nitamununua mpaka yeye mwenyewe na kofia yake. We jifanye unakwenda kutembea." Kisha akatoka, akampa Gaspard funguo, na machozi yakamtoka kweli. Moyo alikuwa nao. Ulikuwa umeegeshwa mahali pabaya tu.

Gaspard alileta dumu la petroli. Alilitoa wapi, mji mzima unalala kwenye foleni? Hilo lingekuwa swali zuri, lakini Valéry alikuwa amefumba macho ili asione gari likiondoka.

Magunia yakahamia Kinama, kwenye chumba alichopanga Valéry katika ua wa Mzee Népomuscène, karani mstaafu, mtu wa utaratibu na kuku. Chumba kikajaa hata kitanda kikapotea. Valéry akalala juu ya magunia, pua karibu na bati, akaandika kila gunia kwa rangi: VUNJA-JINO.

Kisha akampelekea Hadja habari kwamba mzigo uko tayari.

"Alhamdulillahi," Hadja akajibu. "Lakini mwanangu, binti yangu wa Rumonge amejifungua. Naenda kumuona mjukuu. Nikirudi, tunapakua."

Mjukuu yule lazima alikuwa mzuri sana, kwa sababu Hadja alikaa. Valéry alipiga simu, mtoto anakohoa. Akapiga tena, mtoto anapewa jina. Huku Kinama, mchana kukiwa kimya, akaanza kusikia kitu chini ya mgongo wake: kriki, kriki, kriki.

"Mzee, una panya," akamwambia Népomuscène.

"Sina panya," mzee akajibu, amechukia. "Nina kuku. Panya utakuwa umekuja nao we."

Valéry akanunua mtego, akaweka samaki ndani. Mtego haukunasa kitu. Kriki, kriki. Akaanza kulala na pamba masikioni, akiota rangi ya gari.

Hatimaye Hadja akarudi, na siku ikawekwa. Jabe nzima ilikuja. Wenye baiskeli za kubebea mizigo walishuka kutoka Kinama msururu mrefu, kila baiskeli na gunia lake, na mbele yao Ingénieur kwa koti jeupe, anatembea kwa mwendo wa askofu. Wanunuzi wa Ngozi walikuwepo. Wa Uvira walikuwepo. Hadja alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, tasbihi mkononi.

"Fungua, mwanangu," akasema. "Watu waone."

Valéry akatoa kisu, akageukia umma. "Mesdames et messieurs, mbegu ambayo fukusi..."

Akapasua gunia.

Kwanza lilitoka vumbi. Baada ya vumbi wakatoka wenyewe. Walitoka kama waumini wanaotoka kanisani mahubiri yamezidi muda, wote kwa pamoja, wanasukumana, na wakipata hewa wanaruka. Wakamjaa Valéry kwenye koti jeupe. Wakamjaa kwenye miwani. Mmoja akaingia puani, na Ingénieur wa Ubelgiji akapiga chafya iliyowaamsha wengine. Akapasua gunia la pili: unga na mabawa. La tatu: vile vile. Yale maharagwe mekundu, yale ya njano, yale ya madoa, kila punje ilikuwa na matundu kama filimbi.

Jabe ilicheka. Jamani, ilicheka! Wenye baiskeli waliangusha baiskeli. Mama Adélaïde alikaa chini kabisa, akashika ubavu, akisema, "Nilikuwa namueleza! Nilikuwa namueleza akakimbia!"

"Ingénieur," Hadja akasema, na wote wakanyamaza ili wasikie, "hawa mbona meno yao mazima?"

"Mama Hadja, kuna... kuna erreur ya kiufundi..."

"Njoo hapa." Akamvuta karibu, akamnong'oneza kwa upole ule ule. "Mwanangu, mi nauza nafaka tangu we unanyonya. Wadudu wako wa kwenye chupa walikuwa na mdomo mrefu. Huyo ni wa mahindi. Nikasema, kijana huyu anajua wadudu nusu, tumusaidie kujua nusu nyingine. Nilikuwa na stoo imeshaingiliwa. Bado hawajatoboa, lakini nilikuwa nimeshaona madirisha. Nikawa nalia, Ya Rabbi, nitamuuzia nani? Ukaingia we na koti."

Kabla Valéry hajafunga mdomo, honi ikapigwa barabarani. Honi anayoijua. Corolla nyeupe ikasimama mbele ya duka, imeoshwa, imepakwa nta, na nyuma ya usukani alikuwa Gaspard bila kofia.

"Hadja," Gaspard akaita, "tunakwenda ile stoo ya Buyenzi ao tunaanza na ya hapa?"

"Huyu ni... huyu ni..." Valéry akasema.

"Mtunza stoo wangu. Kirundo kwao kweli. Baba yake muzima, anakusalimu." Hadja akaingia garini, akakaa, akapapasa kiti. "Gari tamu. Nenda kashitaki, mwanangu, ukitaka. Uwaeleze polisi ulikuwa unafanya nini."

Angewaeleza nini? Kwamba alitapeliwa wakati akitapeli? Valéry akavua koti jeupe, akalikung'uta, na akarudi Kinama kwa miguu nyuma ya baiskeli zake.

Hali ikawa mbaya, tusifichane. Mjini hawezi kutokeza, watoto wanamwita Vunja-Jino. Mzee Népomuscène akamwamuru atoe wadudu kwenye ua wake, na Valéry akayatoa magunia moja baada ya moja kwa mfuga nguruwe wa jirani, ambaye alimlipa kwa makaa. Lakini kabla ya kutoa gunia alilipepeta kwanza kwenye ungo, maana mtu lazima ale. Unga ukapeperuka, matundu yakaenda kwa nguruwe, na kwenye ungo zikabaki punje nzima. Siku zote zilikuwa zile ndogo za kijivu, zisizo na sura.

"Hata kwenye kubaki, nimebakiwa na mabaya," akanung'unika.

Akazipika. Zilikuwa ngumu! Zilikula makaa kama zinalipwa. Ulianza asubuhi, ukala jioni, na bado punje moja moja ikakugomea mdomoni. Alizila kwa mawese, alizila kwa mchicha wa lengalenga, alizila kavu. Alizilalamikia kila siku kwa Mzee Népomuscène, na kila siku alipepeta, akachambua, akapika, mpaka magunia yakaisha na chumba kikaonekana tena kina kitanda. Hakujiuliza kwa nini ni hizo tu. Wala mimi singejiuliza. Mwenye njaa hana maswali kwa sahani.

Mchana mmoja alikuwa uani, sufuria juu ya jiko la makaa, kiasi cha mwisho kabisa ndani yake kinachemka tangu alfajiri, akasikia injini. Injini ile angeijua hata kaburini. Bibi Arusi akaingia mpaka mlangoni, na akashuka Hadja Mwanamwema, peke yake. Alikuwa ameshika chupa ya mayonezi.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Bado una hasira?"

"Mama Hadja, hasira inataka nguvu. Sina."

"Nimekuja tuongee sawasawa. Tulipofagia ile stoo, chini tulikuta unga mutupu, na ndani ya unga tupunje tudogo twa kijivu, konzi moja, tuzima kabisa. Nikashangaa. Nikatutia kwenye chupa na fukusi. Wa maharagi, wa kweli, nimewachagua mi mwenyewe, wanene." Akainua chupa. Ndani, punje za kijivu zilikuwa nzima, na chini wamelala wadudu wa mviringo, miguu juu. "Wametaga mayai, hakikutoka kitu. Hata mtoto mmoja. Mi nimezeeka kwenye biashara hii sijaona. Ilikuwa ndani ya mélange, imetoka mlima gani, hakuna anayejua. Konzi yangu mwenyewe nimeipasua karibu yote kutafuta watoto ndani, zimebaki hizi tano sita, na kwa hizo nitangoja misimu mingi kabla sijapata debe. Zingine zote zilikwenda kwako, kwenye magunia."

Valéry akainama, akazitazama zile punje kwenye chupa.

"Ile uliyokuwa unadanganyia watu, iko kweli," Hadja akasema. Safari hii haukuwa mzaha. "Nataka mbegu. Debe moja tu linatosha kuanza. Nipe debe, chukua gari yako." Akanyoosha mkono. Kwenye kiganja zilikuwa funguo. "Tangi limejaa."

Uso wa Valéry ulifanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Mkono wake ulikwenda kwenye funguo wenyewe, bila kutumwa, ukasimama njiani. Kisha akageuza shingo, polepole, akatazama sufuria.

Hadja naye akatazama sufuria.

"Apana," akasema.

"Mama Hadja..."

"Zote?"

"Zilikuwa ngumu," Valéry akasema, na sasa alikuwa analia wazi wazi. "Zilikuwa ngumu sana, Mama Hadja, mi nilijua ni mabaya!"

Alirukia sufuria, akaifunua, akazamisha mkono kwenye maji yanayochemka, akautoa akiruka kwa mguu mmoja. Alikwenda chumbani akatambaa chini ya kitanda. Akakung'uta ungo. Na kweli, Mungu mkubwa, kutoka kwenye ukingo wa ungo ikadondoka punje moja, mbichi, nzima, ya kijivu, ikabiringika uani mbele yao wote wawili.

"Usikanyage!" Hadja akapiga kelele.

Hakuna aliyekanyaga. Kuku wa Mzee Népomuscène alipita, akainamisha kichwa mara moja, akaendelea na safari zake.

Mzee Népomuscène, aliyekuwa anachungulia dirishani, akarudisha pazia.

Hadja alirudisha funguo kwenye mkoba. Akavuta kigoda, akakaa.

"Umeshatia chumvi?" akauliza.

"Nimeshatia."

"Basi pakua."

Valéry akapakua, mkono unamuuma. Hadja akala taratibu, akatafuna akifikiri, akaomba pilipili, akapewa, akala tena. Alipomaliza akanawa, akaingia garini, na Bibi Arusi akaondoka bila kutikisika, kioo kimeshushwa.

Sufuriani zilikuwa zimebaki kidogo. Valéry akajipakulia, kwa kuwa tangu jana hakuwa amekula. Siku hiyo zilikuwa zimeiva vizuri, laini kabisa, kwa mara ya kwanza.